Kiti cha Nyuma ya Kapteni Haugland

Mimi Peggy nimewamiminia abiria kahawa kwenye ndege tangu nikiwa msichana mwenye kiuno, na marubani nawajua. Ni watu wa kujisikia, wengi wao, na mkiniuliza mimi basi nusu yao hawajui hata kupika yai. Lakini kuna mmoja nikimkumbuka mpaka leo mwili unanisisimka. Norman Haugland wa Pittsburgh. Mtu mkavu, mrefu, mwenye masikio makubwa na roho ngumu kama mkate wa juzi. Nasema roho ngumu na simsingizii, mwenyewe angekubali.

Kwanza mjue ugomvi wenyewe. Kampuni yetu ya Pittsburgh iliunganishwa na kampuni ya Phoenix, na wakubwa wakapeana mikono mbele ya kamera. Marubani wakaachiwa vita. Rubani maisha yake yote yako kwenye foleni: namba yako ndiyo inayosema utarusha ndege gani, utakaa kiti cha kushoto cha ukapteni au cha kulia cha msaidizi, na kama Krismasi utakula nyumbani au hotelini peke yako. Sasa foleni mbili zikabidi ziwe moja. Sisi wa Pittsburgh, yaani wa Mashariki, tulikuwa na watu wazee wa kazi, tukataka miaka ihesabiwe. Wa Magharibi, wale wa Phoenix, walikuwa vijana lakini kampuni yao ndiyo iliyokuwa na afya, wakasema kila mtu abaki na kiti chake. Msuluhishi aliyeletwa kuamua akawapa wao ushindi.

Norman akaamka asubuhi moja akajikuta nyuma ya vijana walioanza kazi yeye akiwa tayari ana mvi. Akashushwa kutoka kushoto kwenda kulia, akakaa huko miaka sita akiwanyanyulia magurudumu watoto wa juzi. Mwanawe Erik, rubani naye, alikuwa mkiani mwa foleni, akapunguzwa kazi kabisa. Akaenda kurusha ndege za mizigo usiku.

Basi ikawa chuki. Wetu walivaa utepe wa buluu shingoni, wao wa rangi ya chungwa, na mkiwaweka wawili chumba kimoja hawasemi ila yale ya lazima. "Magurudumu juu." "Magurudumu juu." Kimya mpaka watue. Halafu wetu wakaanza kuvuta miguu ili kuikomoa kampuni, wakawa wanaiendesha ndege ardhini mwendo wa bibi harusi. Mwalimu wao mkuu alikuwa Norman. Abiria walikuwa wakiniuliza kama tunakwenda Phoenix kwa barabara.

Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa kile kiti cha ziada nyuma ya kapteni. Rubani anayetaka kwenda kwao hupanda bure akikalia hicho, lakini ni sharti aende mwenyewe mlangoni amwombe kapteni, na kapteni ana haki ya kukataa bila kueleza. Zamani hakuna aliyekataa, ingekuwa aibu. Baada ya ile miaka sita, Norman aliporudishiwa ukapteni, hakumpa mtu wa utepe wa chungwa hata siku moja. Alikuwa anatazama ule utepe, anasema, "Hapana," anageuka. Miaka minane hivyo. Nilimwambia, "Norman, Mungu anakuona." Akanijibu, "Na aone na namba yangu pia."

Sasa ikaja safari yake ya mwisho. Sheria inasema sitini na tano ukifika unashuka, na yeye alikuwa anafikisha siku ya Sikukuu ya Shukrani. Tukatoka Pittsburgh mkesha wake kwenda Phoenix, ndege imeshonwa watu, kila mmoja anawahi bata mzinga wa mama yake. Mkewe Irma alitangulia na wajukuu kwenda kusimama kwenye dirisha la uwanja kule, kwa sababu kapteni akitua mara ya mwisho magari mawili ya zimamoto hurusha maji juu kumuaga na ndege ikapita chini yake polepole. Norman aliyasubiri maji hayo maisha yake yote. Na kile kiti cha nyuma alikalia Erik, aje aone baba yake anatua. Walikuwa wamepanga hivyo tangu Erik mtoto.

Mlango karibu unafungwa, akaja mwanamke anahema, nguo za urubani, utepe wa chungwa. Nikasema moyoni, loo, dada, umekosea ndege.

"Kapteni, naitwa Marisela Ruelas," akasema. "Naomba kiti. Baba yangu yuko hospitali Phoenix, wanasema hamalizi usiku. Ndege zote zimejaa, nimeuliza mpaka sauti imekauka."

Norman hakugeuka. "Ruelas. Wewe wa Ignacio?"

"Ndiye huyo anayekufa."

Jamani! Ignacio Ruelas ndiye aliyekuwa kiongozi wa Magharibi mbele ya msuluhishi. Ndiye aliyesimama akaeleza kwa nini akina Norman wakae nyuma. Nyumbani kwa Haugland jina hilo halikutajwa mezani.

Erik akacheka kwa hasira. "Dada, umemjia nani hapa? Huyu baba yako ndiye aliyeila kazi yangu."

"Najua," akasema Marisela. "Najua nyinyi ni nani. Naomba hivyo hivyo."

Nilikuwa nimeshika birika nikasahau kuliweka. Norman alitazama kioo cha mbele, muda mrefu, mpaka msaidizi wake akaanza kukohoa. Halafu akasema taratibu, "Erik. Mpishe dada."

"Baba! Siku yako moja hii!"

"Najua ni siku yangu. Ndiyo maana naamua mimi. Mpishe."

Erik alisimama uso mwekundu, akachukua begi lake, akapita bila kumgusa yule mwanamke. Nikazisikia hatua zake kwenye daraja la kupandia. Nikataka kulia. Nilipoenda kufunga mlango, nikamwona anarudi. Akachungulia akamwambia Marisela, bila kumtazama, "Mkanda wa kiti hicho unakwama upande wa kushoto. Uvute kwa nguvu." Akaondoka tena.

Tukaruka. Nilipopeleka kahawa niliwakuta kimya, nikadhani ndiyo kawaida yao. Mara Norman akauliza, "Baba yako bado anatia mdalasini kwenye kahawa? Kule kwenye kikao cha msuluhishi alikuwa anabeba kichupa chake."

"Bado," akasema Marisela, akatabasamu kidogo. Halafu akasema, "Kapteni, ulishawahi kumnyima kiti hiki. Hapo hapo Pittsburgh, kabla ya Krismasi. Alilala kwenye viti vya uwanja."

"Nakumbuka."

"Ilikuwa Krismasi ya mwisho ya mama yangu. Hakumkuta hai."

Hakusema kwa ubaya, haki ya Mungu, alisema tu kama mtu anavyosema mvua ilinyesha. Lakini nilimwona Norman sikio lake kubwa limekuwa jekundu mpaka chini. Akashika redio, akawaomba waongoza ndege njia iliyonyooka, na wakampa. Kisha akasukuma mwendo. Norman! Yule aliyewafundisha wenzake kutambaa! Mafuta ya kampuni yaliungua siku hiyo kama ya bure, na mimi na birika langu tulisimama pale mdomo wazi.

Tukatua Phoenix mapema kuliko nilivyowahi kutua. Mbele nikaona magari mekundu mawili yamejipanga, askari wa zimamoto wanapunga mikono. Na nikamsikia Norman kwenye redio: "Tunashukuru sana. Msirushe maji. Tuna mtu wa kuwahi hospitali, tunakwenda moja kwa moja mlangoni." Wakamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Nina hakika. Tupisheni." Tukapita kati ya yale magari kwa kasi, wakavu kabisa. Dirishani juu niliona watoto na kamera zao.

Akawatangazia abiria wabaki wamekaa. Akafungua mlango wa chumba chake mwenyewe, akamwambia Marisela, "Kimbia." Marisela akakimbia. Hakuna abiria aliyenyanyuka, na mnajua abiria wa mkesha wa sikukuu walivyo.

Irma alikuwa anatungoja ndani, mama mfupi mwenye ulimi. "Norman, maji yako wapi? Watoto wamesimama hapa tangu mchana!"

"Nimeyaacha."

"Kwa ajili ya nani?"

"Binti wa Ruelas. Baba yake anakufa."

Nikajiandaa kwa matusi. Irma alimtazama mumewe kuanzia kofia mpaka viatu. "Na Erik?"

"Yuko Pittsburgh. Kiti nilimpa huyo binti."

Irma akamnyoosha kola, akasema, "Haya, njoo ukale. Peggy, na wewe njoo, usijifanye una pa kwenda."

Ujumbe wa Marisela ulikuja kesho yake tukiwa mezani kwa dadake Irma, bata mzinga yuko katikati. Norman akamsomea Irma kwa sauti. Baba yake alikuwa macho alipofika. Alipoambiwa ni nani aliyemleta bintiye, alicheka mpaka wauguzi wakaja. Akasema, "Huyo mpumbavu wa masikio! Niambie, kiti chake kilikuwa kizuri?" Alifariki alfajiri, ameshika mkono wa binti yake.

Norman alifunga simu akaiweka kando ya sahani. Nimeona mawingu kwa juu, nimeona jua likichomoza mara mbili siku moja, lakini sijaona kitu kikubwa kama uso wa mzee yule mkavu akijaribu kumeza viazi.

Simu ikalia. Erik, kutoka Pittsburgh. Norman akabonyeza ili sote tusikie. Erik hakusalimu, wala hakutaka habari za kutua.

"Alifika?"

"Alifika," akasema Norman.

Erik akauliza, "Na ule mkanda? Haukumsumbua?"

Norman akanisogezea simu mimi. Nikamwambia Erik kwamba aliuvuta kwa nguvu, kama alivyomwelekeza, na haukumsumbua.