Nyumba Aliyoikodi Kandida

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa Rombo, kwa hiyo nikiwacheka Wachaga nacheka nyumbani kwetu. Desemba ikifika hatuna akili. Tunafunga maduka, tunajaza magari, tunapanda Moshi kama tumeitwa polisi, na anayeonekana bado yuko Arusha tarehe ishirini na nne majirani wanamuuliza kama anaumwa. Kandida alibaki Arusha miaka minne mfululizo. Haumwi popote. Alikuwa amenuna.

Duka lake la mashuka na mapazia na langu la vyombo yanatenganishwa na ukuta wa mbao tu, karibu na Soko Kuu, na huko Themi tunasali jumuiya moja. Kwa hiyo kisa chake nimekisikia kazini na kwenye rozari. Chanzo kilikuwa nyama. Krismasi ya kwanza baada ya mumewe Ludovick kufariki, Kandida alinunua beberu mwenyewe akampeleka Kibosho, ukweni kwake. Katika ukoo ule mnyama akichinjwa kidari ni cha mwenye mji, na mwenye mji, Ludovick, alikuwa amezikwa migombani, mwezi wa saba sasa. Nyama iligawiwa na shemeji yake Arnold, mdogo wa marehemu, kitinda mimba aliyerithi kihamba, yaani shamba la wazazi, kama mila inavyotaka. Arnold akakata kidari, akampa Oscar, mtoto mkubwa wa Ludovick. Kimila hakukosea. Ila mzee mmoja alipomkumbusha kwamba beberu kaletwa na mjane, Arnold alijibu bila kugeuka kwamba wanawake wana fungu lao jikoni.

Kandida alikuwa amesimama mlangoni. Miaka thelathini na minane ameishi na Ludovick, amemzalia watatu, amemlisha kwa kijiko mwaka mzima wa mwisho, na mtu hata kumtazama hakumtazama. Alipanda gari siku ile ile. Tangu hapo hakukanyaga Kibosho, hata kaburini.

Nilimwambia mkataa kwao mtumwa. Akanijibu kwamba kwao ni pale walipo watoto wake, na mimi niangalie sufuria zangu.

Shida ni kwamba watoto wenyewe hawakuwa popote. Wote watatu wanaishi Dar es Salaam. Oscar, kwa kumwogopa mama yake, aliacha kwenda Kibosho akawa anakula sikukuu kwa wakwe zake Machame. Hope ana wakwe zake Marangu. Princess, wa mwisho, hajaolewa, yeye huenda anakokwenda na rafiki zake. Kandida alikuwa anapata simu tatu, dakika tatu kila moja, halafu anakuja kwangu tarehe ishirini na saba nikirudi, anauliza Rombo kulikuwaje. Nilikuwa namsimulia nusu tu. Nusu nyingine ingemuumiza.

Mwaka juzi binti yangu alimwonyesha kwenye simu picha za nyumba ya zamani iliyoko juu ya Maji ya Chai, katikati ya mashamba ya kahawa, ambayo kampuni moja inakodisha kwa makundi wakati wa likizo. Vyumba vinane. Kuta za mawe, dohani, baraza linalozunguka nyumba nzima, na Mlima Meru nyuma yake kama umewekwa makusudi. Kandida aliitazama sana. Nyumba yake ya Themi ina vyumba viwili vya kulala, na watoto wakija hulala hotelini na kupita kumsalimia kama mgonjwa wa wodini. Akailipia siku tano za Desemba, ishirini na tatu hadi ishirini na saba, akawapigia watoto mwezi wa nane. Wote watatu wakakubali. Hope hata aliwaomba ruhusa wakwe zake.

Kuanzia hapo tulikoma. Kila Jumamosi kwenye jumuiya tulisikia habari za nyumba ile, tukaambiwa watakaa kumi na wawili mezani, wajukuu sita, wakwe wawili, na kwamba mwaka huu Krismasi yake hatapanda mlima wa mtu. Sijamwona akifurahi vile tangu tumzike Ludovick. Nilinyamaza, na mimi kunyamaza si kawaida yangu.

Tarehe ishirini na tatu alipanda na gari la mizigo. Alikuwa na mashuka yake mwenyewe, maana mashuka ya watu hayaamini, ndizi mikungu mitatu, galoni za mbege, pombe yetu ya ndizi, alizoagiza Usa River, na mbuzi aliyekwisha chinjwa na mchinjaji wa Maji ya Chai. Huyo mbuzi ni kwa sababu alipolipia alitumiwa karatasi ya masharti, na sharti la nne lilikataza kuchinja mnyama ndani ya eneo. Krismasi ya Mchaga, mbuzi anakuja kwenye mfuko wa nailoni. Aliniambia alicheka peke yake aliposoma, halafu akaacha kucheka.

Nyumba inatunzwa na Mmeru mmoja anaitwa Sifaeli, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, ila ana ugonjwa wa historia. Alimzungusha mama wa watu chumba kwa chumba akimweleza kwamba nyumba ilijengwa na Mjerumani, ikachukuliwa na Mgiriki, kwamba bafu lile lenye miguu lilikuja kwa meli, na kwamba hao kwenye picha ukutani ni wenye shamba na chui waliyemuua mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Kandida aliitazama ile picha akauliza kama inaweza kutolewa. Sifaeli akasema sharti la tisa linakataza. Basi akatandika vitanda vyote vinane, akaandika majina kwenye vikaratasi akayaweka juu ya mito, kila mtoto na chumba chake, na usiku akalala na makoti mawili kwa baridi ya mlimani.

Watoto walitoka Dar alfajiri ya tarehe ishirini na nne, magari matatu yakifuatana. Sasa hapa ndipo kosa lilipokuwa, na hakuna Mchaga mwingine ambaye angelifanya. Barabara ya kutoka Dar inafika Moshi kabla ya kufika Arusha. Kandida alihesabu vitanda, akahesabu sahani, hakuhesabu kwamba wanawe watapita chini ya Kibosho, kwenye kaburi la baba yao, mkesha wa Krismasi.

Saa tisa alasiri Hope alipiga simu. Wako Moshi mjini, wanapandisha mara moja kumsalimia baba, dakika ishirini. Kandida angesema nini? Hakuna mama anayewakataza watoto kaburi. Akaendelea kupika mtori wake wa ndizi na nyama. Saa moja jioni akapiga Oscar. Mvua imenyesha, barabara imekuwa utelezi, baba mdogo alikuwa amechinja hakuwaacha waondoke, wajukuu wameshasinzia. Watafika kesho baada ya misa. Kandida akasema sawa, akazima jiko.

Asubuhi ya Krismasi alivaa gauni lake jipya la kitenge akaandaa meza ya watu kumi na wawili. Sifaeli alipita akitoka kanisani kwao, suti ya kijivu na Biblia mkononi. Akamwamkia, "Shikamoo, mama," akatazama zile sahani, akamwambia kwa adabu kwamba kwake ni pale chini tu, mama yake mzazi yupo na kaka zake wote wamekuja, chakula kipo. Kandida alimshukuru, akamjibu kwamba wageni wake wako njiani. Sifaeli akaenda. Baadaye upepo ulileta sauti za kwaya kutoka kwa kina Sifaeli, na vicheko vya watu wa nyumba moja. Kandida alikaa barazani akitazama njia ya kahawa. Kila pikipiki iliyonguruma kule chini alisimama.

Ananiambia upweke anaujua. Usiku wa Themi anaujua, kitanda cha mjane anakijua. Lakini kukaa peke yako kwenye nyumba ya vyumba vinane uliyoilipia ili usiwe peke yako, huo hakuwa amekutana nao.

Saa saba mchana Princess ndiye aliyepiga. Bado walikuwa Kibosho. Kandida alimuuliza kama wamekubaliana kumfanya mjinga, kama chakula chake ni cha mbwa, kama huyo Arnold amewanunua kwa supu. Alisema mengi. Princess, ambaye kama vitinda mimba wote hakufundishwa kunyamaza, alimwacha amalize.

"Mama, kaburi la baba tumelikuta limezama kwenye majani. Msalaba hauonekani. Tangu tutoke misa tunafyeka, watoto wanabeba. Ulitaka tumpite hivyo, tuje kula kwenye nyumba ya kupanga?"



"Na sisi tumekosa," Princess akaongeza, "ila sisi tulikuwa tunakuogopa wewe."

Kandida alikata simu akaizima. Siku zote aliamini Arnold analitunza lile kaburi. Mtu anaishi hatua thelathini kutoka pale, na ni ndugu yake tumbo moja. Alikuwa hata amejifariji kwa hilo, kwamba yeye amenuna lakini Ludovick hana shida. Aliniambia aliona haya mpaka akavua viatu, sijui kwa nini viatu, akakaa pale barazani miguu mitupu akilia kwa sauti, na mtori jikoni unaganda utando. Alilia kwa ajili ya yale majani. Miaka minne alikuwa akimwadhibu Arnold, na aliyekuwa akiadhibiwa ni mumewe.

Kisha akaosha uso, akafunga nyumba, akaacha ufunguo mahali alipoambiwa na Sifaeli, akashuka kwa miguu hadi Maji ya Chai akapata teksi. Hakumwambia mtu. Simu aliiacha imezimwa, kwa aibu safari hii, wala si kwa hasira.

Na huko Kibosho Oscar alikuwa amemgombeza Princess, akampigia mama yake mara sita, simu haipatikani. Akasema mama amezidiwa, wote waingie kwenye magari, wamfuate. Walipishana naye mahali fulani kati ya uwanja wa ndege wa KIA na Bomang'ombe, wao wanakwenda yeye anakuja, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Alifika saa kumi na nusu. Uani hakuna gari, hakuna mtoto. Arnold alikuwa peke yake, ameinama anasugua sufuria kubwa kwa majivu. Ni mjane naye, mkewe alitangulia mwaka mmoja kabla ya Ludovick, na watoto wake wako Afrika Kusini hawaji. Amezeeka, Kandida ananiambia, amezeeka kuliko alivyotaka azeeke. Kwa miaka minne alikuwa amepanga maneno ya kumwambia mtu mwenye shingo nene, na sasa yule mwenye shingo nene hayupo.

Arnold alimwambia kwamba watoto wametoka mchana, wamemfuata Meru. Kisha akamtangulia hadi migombani, akasimama pembeni. Kaburi lilikuwa jeupe, limefyekwa na kufagiwa, maua ya bustanini yamepangwa ovyo ovyo na mikono ya watoto. Kandida alimuuliza bila kumtazama jambo moja tu, kwa nini alimwacha kaka yake namna ile.

"Shemeji, kila Novemba, mwezi wa marehemu, nilichukua panga nikafika mpaka hapa," Arnold akasema. "Nikajiambia, hili lina mwenyewe, na mwenyewe atakuja. Nikilifyeka mimi utasema nimekunyang'anya na hili."

Kandida aliniambia kwamba kweli angesema hivyo. Angelisema neno kwa neno, na mimi ningelisikia kupitia ukuta wa mbao.

Arnold akamletea kigoda, akarudi kwenye sufuria zake. Kandida akaketi, akawasha simu. Ililia papo hapo. Alikuwa Princess, na nyuma yake wajukuu wanakimbia juu ya sakafu ya mbao inayolia, na Sifaeli anasikika akimweleza mtu habari za Mgiriki.

"Mama, uko wapi? Tumekuta meza imeandaliwa. Kila mtu amekuta jina lake kitandani."

Alimwambia yuko kwa baba yao. Princess akasema wanageuza magari sasa hivi, wote, wanakuja.

Kandida aliangalia ukungu unavyoshuka kwenye migomba. Alifikiria utelezi, na watoto ambao wamekaa garini siku mbili. Alifikiria pia yale aliyokuwa nayo ya kumwambia Ludovick, ya miaka minne, ambayo mke hawezi kuyasema mbele ya wakwe na wajukuu.

"Msije," akasema. "Pasheni mtori, kuleni. Nitakuja kesho."

Haya alinisimulia Januari, tukiwa tunafungua maduka, akikunja shuka lilelile mara tatu. Aliniambia katika maisha yake yote hajawahi kuwataka watoto wake kama dakika ile alipowaambia wasije.