Kitufe cha Babu

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni fundi wa vifaa vya umeme, na mtaa mzima unamwita Kesho. Jina hilo amelichuma mwenyewe. Ukimpelekea pasi, feni au redio, ataitikisa karibu na sikio, kisha atakwambia uje kesho. Ukija, kifaa kimepona lakini hakipo: kiko nyumbani kwetu, anakitumia. Pasi ya watu hairudi kwa mwenyewe mpaka Kesho ainyooshee shati lake. Feni lazima kwanza impepee usingizini. Wateja wanalalamika weee, wakichoka wanamletea kifaa kingine, maana alichokitengeneza yeye hakiharibiki ovyo.

Mimi nimemtania miaka yote, kwa sababu shemeji asipotaniwa huota pembe. Nilimwambia siku akioa, bibi harusi atafika ukumbini aambiwe aje kesho. Anacheka, anaendelea kupuliza vumbi kwenye redio.

Tunaishi naye nyumba moja, pamoja na watoto wetu wawili na baba mkwe. Baba alikuwa fundi cherehani. Presha ya macho ilimla kidogo kidogo, jicho moja kisha la pili, na sasa hajui hata kama taa imewashwa. Mengi alijifunza upya bila kumsumbua mtu. Anavaa mwenyewe, anatembea nyumba nzima bila kugusa ukuta, na chai anajimiminia vizuri kuliko sisi wenye macho tunaoimwaga. Kilichomshinda ni televisheni.

TV yetu imechomekwa vitu vitatu nyuma: king'amuzi, deki, na gemu la watoto. Ukitaka kuhama kutoka kimoja kwenda kingine unabonyeza kitufe, orodha inatokea kwenye kioo, unashuka nayo hadi unapopataka. Sasa orodha ya kwenye kioo itamfaa nini mtu asiyekiona kioo? Baba alijaribu kuhesabu mibonyezo, lakini orodha huanzia pale ilipoachwa, na hakuna ajuaye watoto wameiacha wapi. Tulitaka kumnunulia redio, akakataa. Alisema redio ni ya mtu wa kukaa chumbani peke yake, na yeye anataka kukaa sebuleni kwake.

Mwanzoni alikuwa akiwaita wajukuu wamrudishie taarifa ya habari. Walimjibu angoje kidogo wanamalizia, na gemu lile halina mwisho. Baadaye akaacha kuwaita. Mchana mmoja nilirudi kutoka kazini nikamkuta kwenye kochi, rimoti mapajani, uso ameuelekeza kwenye TV iliyokuwa kimya. Picha ya gemu ilikuwa imeganda pale, watoto wenyewe wako nje wanarusha mpira. Nikamuuliza amekaa hivyo tangu saa ngapi. Akasema alikuwa anapumzika tu. Niliingia jikoni nikalia, kisha nikatoka na hasira zangu moja kwa moja hadi kibandani kwa Kesho.

Nilimwambia baba yake anageuka kuwa fanicha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alifunga kibanda mchana kweupe, akachukua rimoti moja, ile inayokubali kufundishwa amri za TV za kila aina, tukarudi wote. Njiani akanieleza kwamba TV inaelewa amri nyingi kuliko vitufe ilivyopewa. Ipo amri ya kuipeleka kwenye king'amuzi moja kwa moja, bila orodha, popote ilipo. Kazi ni kuipata, kwa sababu aliyeitengeneza rimoti hakuiwekea kitufe.

Akakaa mbele ya TV, akawa anaingiza namba moja baada ya nyingine na kutazama inafanya nini. TV ilitutendea vituko. Ilibadilika lugha, ikageuka rangi ya kijani, ikapandisha sauti hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Kesho aliomba radhi, akarudi kwenye namba zake. Jioni ikaruka yenyewe kutoka kwenye gemu hadi king'amuzi, msomaji wa habari akasikika katikati ya sentensi. Kesho akaifungia amri hiyo kwenye kitufe kimoja, akadondoshea tone la gundi ili kidole kikitambue, akamkabidhi baba. Safari hii hakusema kesho, maana aliyekuwa akingoja ni baba yake.

Siku ya pili nilirudi nikamkuta baba vilevile, TV kimya. Akasema kwa upole kwamba mashine yetu imemwacha.

Kesho alisimama mlangoni akimtazama. Kisha akaniomba mtandio wangu, akajifunga macho nao mafundo mawili, akakaa kwenye kochi na kunitaka niichezee TV bila kumwambia nimefanya nini. Mara nikaizima, mara nikaiacha kwenye gemu. Kwa asiyeona, zote mbili ni ukimya uleule. Alibonyeza tone la gundi TV ikiwa imezimwa, kimya. Mara nyingine akaanza na kitufe cha kuwashia, na kumbe ilikuwa inawaka, akaizima.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kesho, mtandio ukiwa bado machoni, alimgeukia baba yake wala si mimi.

"Baba, nisamehe. Nilikutengenezea ya mtu anayeona."

"Wewe tengeneza," baba akasema. "Mimi nipo."

Akaanza upya, na mtandio wangu usoni. Alitafuta amri inayowasha tu, ambayo hata TV ikiwa inawaka haiizimi. Akaifunga pamoja na ile ya king'amuzi kwenye kitufe kilekile. Haikukubali, kwani TV ilikuwa haijaamka vizuri amri ya pili ilipofika. Akaweka nafasi katikati. Akajaribu tena na tena, akajigonga kwenye meza ndogo akitafuta maji ya kunywa, na mtandio hakuuvua mpaka kitufe kilipokubali. Mimi mdomo wangu una maneno mengi, lakini siku hiyo nilimtazama nikamheshimu kwelikweli. Mafundi wanaotengeneza vitu ni wengi. Huyu alikubali kwanza kuwa mtu wa kukitumia kile kitu.

Wiki iliyofuata nilikuwa nachambua mchele mwanangu mkubwa alipokuja kushtaki. Babu amebonyeza kitufe chake katikati ya gemu, tena wakiwa karibu kushinda. Nikamwambia akamwone baba yake mdogo, ndiye fundi. Kesho alimsikiliza hadi mwisho, uso mkavu.

"Baba mdogo, si uiondoe tu hiyo amri?"

"Hiyo siiwezi," Kesho akamwambia. "Kamwombe babu."

Mtoto akaenda sebuleni, akasimama mbele ya kochi, akaomba kwa adabu arudishiwe gemu. Baba hakugeuza kichwa.

"Ngoja kidogo," akasema, "namalizia."