Fortran ya Mama Bila Kuguswa

Mama aliyenitangulia kwenye meza yangu, katika ofisi ya ushauri wa kilimo hapa Eldoret, alistaafu akaniachia programu yake ya mahindi na sharti moja: nisiiguse. Aliiandika kwa Fortran, lugha kongwe ya kompyuta, enzi zile ambapo jina halikuruhusiwa kuzidi herufi sita, akaipima msimu baada ya msimu kwenye shamba lake kule Ziwa. Kila ripoti ya ushauri iliyotoka humo ilibeba jina lake. Kuna mtu aliwahi kumrekebishia mstari mmoja tu, wakulima wakapanda wakati mbaya. Basi nilimwahidi.

Kisha bosi akataka ushauri wa mahindi na wa malisho ya ng'ombe utoke kwenye programu moja, la sivyo ya Mama itupwe, tununue mpya. Ile ya malisho ilikuwa imebaki faili iliyokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Msimbo wake wa asili hakuna aliyejua ulikoishia. Nilipoziunganisha, linka, kile chombo cha kuunganisha programu, ikagoma. Kila programu ilikuwa na sehemu inayoitwa MVUA, na linka haijui iite ipi.

Mwenzangu wa meza ya pili, mtu wa haraka zake, akailazimisha ichukue MVUA ya kwanza iliyoiona na kuipuuza nyingine. Ikakubali, naye akaagiza chai. Tulipoiendesha, ikatuambia Ziwa imefurika, watu wasipande. Nje vumbi lilikuwa linatimka. MVUA ya Mama ilitoa inchi, ile ya malisho milimita, na sasa mahindi yalikuwa yakisomewa milimita kana kwamba ni inchi. Akanishauri nibadilishe jina kwenye programu ya Mama, kwani nani atajua? Nilimwambia nitajua mimi, na sikumwambia kwa upole.

Kumbe kuna kifaa cha kubadilisha majina ndani ya faili iliyokwisha kukompailiwa. Nikaipa MVUA ya malisho jina jipya, pamoja na kila mahali ilipoitwa, nikaunganisha upya. Linka haikunung'unika. Majibu ya mahindi na ya malisho yakalingana na yale ya zamani hadi desimali ya mwisho. Nilitembea ofisini kifua mbele, na sioni haya kusema hivyo.

Nikampigia Mama simu. Hata salamu hazijaisha, akauliza, "Ume-change kitu kwa code yangu?"

"Hata herufi moja, Mama."

Nyuma yake nikasikia ng'ombe wake.

"Basi kwa hiyo ripoti," akasema, "andika jina lako kando ya yangu."