Daraja la Mbao Nililolijenga kwa Akili za Shimoni

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana baba mkwe ana simu kubwa na ukurasa huu anausoma kuliko Biblia. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, naishi upande wa Kahama, nina mke na watoto wawili. Miaka kumi nimekuwa fundi wa matimba machimboni, yale magogo yanayozuia shimo la dhahabu lisituangukie.

Baba mkwe ni mwenyekiti wa kamati ya ngitili ya kijiji chao, msitu wa jadi wenye chemchemi na mawe makubwa ambayo wageni huja kuyaona. Kamati ilipotaka daraja la mbao la kuwavusha wageni korongoni, mzee alinipigania nipewe mimi kulichora na kulijenga. Jamani, nilivimba kichwa! Nikachora kama niko shimoni: hakuna msumari, hakuna boliti, viungo vyote vimebanwa kwa kabari. Aliyeniuliza nilimcheka.

Sasa shimoni udongo unasukuma mbao kutoka kila upande, na unyevunyevu unazivimbisha. Korongoni hakuna kinachosukuma. Jana nimekwenda kuliangalia nikakuta jua limekausha mbao, kabari nazichomoa kwa vidole viwili. Nimezigonga zote upya, leo asubuhi zimelegea tena. Kuweka boliti ni kulifumua lote, kazi ya wiki mbili, na ufunguzi ni keshokutwa.

Kwetu Wasukuma mkwe habishani na baba mkwe uso kwa uso, neno gumu linapita kwa mshenga. Nikamtuma mshenga wangu, mzee wa watu, akarudi kichwa chini.

"Ng'wanawane, mwanangu, amekataa. Anasema wageni wameshaalikwa, wewe umeingiwa na woga tu. Na wa kwanza kuvuka atakuwa binti yake, watu waone kazi ya mumewe."

Binti yake ndiye mke wangu. Ana mimba ya miezi saba. Nimeshindwa kumwambia, maana ndiyo mara ya kwanza namwona akijivunia mume mbele ya dada zake. Naogopa, na najichukia.

Hapa ninapoandika anapiga pasi gauni la ufunguzi. Ananiuliza kama viatu vya kisigino vitapita vizuri kwenye mbao zangu. Ndugu zangu, nimjibu nini?