Sutton Wawili wa Yeoville

Naikumbuka vizuri Jumapili moja ya mwaka 2016, mwanangu. Nilikuwa msichana wa benki kule Sandton, kusini mwa Afrika, mgeni kutoka Kitale. Kanisani Yeoville, fundi cherehani mmoja Mkongo wa Lubumbashi alinisalimia, akajitaja: Daniel Sutton. Nikacheka. Mimi pia Sutton!

Kicheko kilikwisha tulipotaka kuoana. Baba alinguruma kwenye simu, "Sutton kwa Sutton? Huyo ni ndugu yako! Ni mwiko!"

Nikachanganyikiwa. Mluhya na Mkongo, undugu umetoka wapi? Lakini damu, wasema wahenga, ni nzito kuliko maji. Nikaanza kumkwepa Daniel. Kila nikimtazama naona pua ya kaka yangu. Hofu nayo ina macho yake.

Kazini kulikuwa na mzee mmoja Mwingereza, naye Sutton. Nikamuuliza. Akasema ni jina la mahali tu, maana yake kijiji cha kusini. Kwao vijiji vya jina hilo ni vingi, na aliyehama kimojawapo aliitwa hivyo huko alikokwenda. "Hata sisi Sutton wa Uingereza wengi wetu si ndugu," akasema.

Eish! Kichwa kikazidi kuvurugika. Basi jina lilifikaje kwetu?

Mwishowe nikampigia bibi, mama yake baba.

"Babu yako ni Wanyonyi," akasema. "Mzungu mwenye shamba alikofanya kazi alishindwa kulitamka, akamwandika kwa jina lake mwenyewe, Sutton. Mbona umewazungukia wageni kuuliza habari za mume wangu, nami ningali hai?"

Nikamwomba radhi, kisha nikamtafuta Daniel nikamweleza.

Daniel naye akauliza kwao. Babu yake alilipata kwa msimamizi wa mgodi. "Sasa mi niko nani?" akaniuliza, shati la mteja limemlalia magotini. Sikujua. Hata leo sijui vizuri, ila baba alilegea mama yake alipomkumbusha habari hiyo, na tukaoana, na karani wa ndoa akarudia kuniuliza kama kweli sibadili jina.

Mwanangu, kuuliza si ujinga, lakini anza na wa kwenu, wangali na pumzi. Jina mtu huweza kuliokota njiani, waliokulea hawaokotwi. Usimkatae mtu kwa jina lake, wala usimkumbatie kwa hilo tu, mpaka umejua watu wake.

Mungu akupe wazee wa kukujibu, na akujalie subira ya kuwasikiliza.