Laini ya Peke Yake kwa Redio ya Mzee

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja misimu miwili. Nimebeba magunia ya ufuta Nanganga, nimechoma mkaa Kiegei, nimeendesha trekta Ruponda wiki nzima kabla mwenyewe hajagundua kwamba sikuwahi kufundishwa. Kila nilipofika nilikuwa na swali moja: hiki kinafanyaje kazi? Umeme ulinishika kuliko vyote, kwa sababu unafanya kazi huku hauonekani. Nachingwea nilimpata fundi mwenye leseni aliyekubali nimfuate. Nikamshikia ngazi, nikatoboa kuta, nikavuta waya, mpaka siku moja akaniambia, "Ruangwa kuna mzee redio yake inavuma. Tangulia kaangalie. Mimi nitakuja kuunganisha kwenye boksi."

Haikuwa redio ya kuweka dirishani. Ilikuwa amplifaya nzito ya chuma, deki ya kanda, na spika mbili za mbao ya mninga zilizonifika kifuani. Mzee aliziunda mwenyewe zamani alipokuwa dereva wa lori la korosho, akirudi na kipande hiki kutoka Lindi na kile kutoka Mtwara. Sasa macho yalikuwa yamemzimika. Kutwa alikaa kwenye kiti chake katikati ya spika zile, na aliweza kumtambua mpiga gitaa kwa jinsi anavyoburuza kidole kwenye waya.

Lakini chini ya kila wimbo palikuwa na mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Na friji ya barafu iliyokuwa ukumbini ikianza kunguruma, spika zilipiga mlio mkavu, tah! Mzee alishtuka kila mara, utadhani amepigwa kibao.

"Mjukuu wangu anatoka jandoni wiki hii," aliniambia. "Mama yake, binti yangu, anakuja kutoka Dar. Ameshasema, akikuta bado inavuma anaipakia kwenye gari, ikauzwe vipuri. Anaogopa itaunguza nyumba. Ananiletea kaspika ka simu, kanaenea kiganjani." Akanyoosha kiganja, akakisogeza sikioni. "Sasa wewe msafiri, niambie. Mimi nikae hapa nasikiliza kiganja?"

Nilianza kwa kufuata waya. Nyumba nzima ilikuwa na laini moja ya soketi. Friji, feni, pasi, chaji za simu na redio vyote vilikunywa hapo hapo. Ni kama bomba moja la mtaa. Jirani akifungulia kwa nguvu, maji ya ndoo yako yanapungua. Dawa yake ilikuwa kuipa redio bomba lake: waya mnene utoke kwenye boksi la umeme, wenye breka yake ya kuukata umeme ukizidi, upite ndani ya paipu juu ya ukuta, na uishie kwenye soketi moja tu nyuma ya amplifaya.

Nilifunga paipu huku mzee akiniuliza maswali mengi kuliko ninavyouliza mimi, jambo ambalo sikuwahi kukutana nalo. Nilipomaliza nilimsimamisha juu ya stuli, nikaupeleka mkono wake kwenye paipu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hii njia yote yangu?"

"Yako peke yako, Babu. Friji haina ruhusa."

"Na pasi?"

"Pasi itafukuzwa mlangoni."

Alicheka mpaka nikamshika kiuno asianguke.

Siku ambayo binti alitegemewa, fundi alifika asubuhi kwa pikipiki. Akazima umeme wote, akafunga breka, akaunganisha, akakagua, akawasha. Tukakaa kimya tukiisubiri friji. Ikanguruma. Spika hazikutoa ule mlio. Niliruka juu kwa furaha, lakini mzee aliinua kidole.

"Nyuki bado wapo."

Kweli walikuwepo, ila sasa walipanda na kushuka, kama mtu anawatikisa. Fundi alikuna kichwa. "Ethi hiyo," akasema. Ethi ni ule waya unaoshuka hadi kwenye nondo iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba, ili umeme uliopotea njia upate pa kwenda. Nikazunguka nyuma ya nyumba kuitafuta.

Nondo niliiona. Niliona pia kamba iliyofungwa juu yake, na upande wa pili wa kamba, ndama mwekundu akizunguka taratibu kwenye kivuli cha ukuta. Kila akivuta, nondo ilicheza kama jino bovu, na kishikizo cha waya kilikuwa kimelegea kabisa. Ndani nikasikia mzee anasema, "Sasa wamepanda! Sasa wameshuka!"

Ndama alikuwa wa jirani, mfugaji aliyehamia na familia yake kutoka Kanda ya Ziwa. Yeye na mzee walikuwa wanataniana. Utani huo hawakuurithi kwa mtu, waliutengeneza wenyewe tangu siku alipofika na ng'ombe wake. Alipoitwa alikuja mbio, na mzee alikuwa ameshatoa kichwa dirishani.

"Mtani! Umefunga ng'ombe kwenye redio yangu?"

"Mimi nilikuomba kivuli, ukanipa!"

"Nilikupa kivuli, sikukupa umeme!"

"Sasa mtani, kwetu chuma kilichopigiliwa chini kina kazi gani nyingine? Nilipokiona nikasema, afadhali, hawa Wamwera wameanza kujifunza kufuga."

Watu wa nyumba ile walikuwa wanapita hapo kila siku kwenda kuanika nguo. Hakuna aliyeuliza. Wao wamekulia kwenye mihogo na korosho, hawajawahi kufunga ng'ombe. Walidhani ndivyo ndama anavyofungwa.

Fundi hakucheka. Alimfungua ndama kwanza, ndipo akasema, "Siku umeme ukivuja ndani, anakufa huyu. Halafu anakufa atakayekuja kumfungua." Jirani akamshika ndama wake shingoni.

Nondo ile haikuweza kurudi palepale. Mvua zilikuwa zimekata na udongo wa ukutani ulikuwa mkavu kama unga, na ethi hutaka udongo wenye unyevu. Nikauliza, mahali gani kwenye kiwanja hiki hapakauki?

"Migomba yangu iko wapi?" mzee akajibu kutoka dirishani.

Ilikuwa nyuma ya bafu la nje, ikinywa maji ya kuogea mwaka mzima. Nikachimba mfereji mpaka hapo. Jirani akaninyang'anya nyundo, akasema hii ni kazi yake. Akapiga nondo mpya, mzee akimhesabia: "Tena! Mtani, umelala? Ng'ombe wamekunyonya nguvu?" Fundi akakaza waya, akapima kwa mita yake, akatikisa kichwa kukubali.

Tulikuwa bado tunanawa mikono gari liliposimama. Binti akaingia na kiboksi kidogo cha ile spika ya simu mkononi, akampa baba yake shikamoo, akaitazama amplifaya kwa jicho la kuiaga.

"Msafiri," mzee akaniita. "Washa. Sauti peleka mpaka mwisho. Kanda usiweke."

Nikawasha, nikazungusha kitufe mpaka kikagota. Nikasikia kuku uani. Nikasikia maji yakidondoka bafuni. Binti aliinama, akaweka sikio kwenye spika.

"Baba, si nilikwambia? Limeshakufa."

Uso wote wa mzee ulikuwa unacheka. Alipapasa kanda yake ya dansi la zamani, akaisukuma ndani ya deki.

"Rudisha sauti kidogo," akaninong'oneza. "Tusiwaue."

Gitaa lilipoingia, vikombe viliruka kabatini. Binti alirudi nyuma na mkono kifuani. "Hee! Baba!" Nje ndama alikimbia na kigingi chake kipya cha mti, jirani akimfuata huku anapiga kelele, "Ongeza, mtani, ongeza!" Mzee alikaa katikati ya spika zake, amenyoosha kidole, akimwonyesha binti yake, kwa kusikia tu, mahali mpiga besi alipokuwa amesimama.

Wiki ile gari lilirudi Dar bila redio. Kile kiboksi hakikuwahi kufunguliwa pale. Nilipewa mimi siku ninaondoka, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sina ukuta wa kupitishia waya.