Nyama ya Ini la Mwanangu Niliizika Mimi

Nimekosa mimi. Si Mwanaisha, mke wa mwanangu, wala si daktari. Mimi, bibi mzima wa hapa Olumbi, Msumbiji, niliyedhani akili yangu inatosha!

Mwanangu Saidi, fundi cherehani, ana saratani ya ini. Kule Pemba, mji wetu mkubwa huku Msumbiji, walimchoma sindano ndefu ubavuni, wakatoa kinyama, wakakigandisha ndani ya kipande cha nta, kidogo kama sabuni iliyokwisha. Mwanaisha akaja nacho nyumbani kwenye boksi la dawa, pamoja na guia, ile karatasi ya spitali. Abudu, mtoto wa marehemu mdogo wangu Zaina, ndiye angekivusha mpaka Mtwara, kisha Dar, kwenye maabara kubwa.

Mwanaisha akaniambia: "Mama, hiki kisiguswe. Ni nyama ya Saidi."

Basi! Hilo tu. Mengine yote walisemezana Kireno, yeye na Abudu, juu ya kichwa changu, kama mimi ni mtungi wa maji.

Nyama ya Saidi, juu ya kabati, karibu na kopo la sukari! Jamani, mimi nimezika makondo ya nyuma ya wajukuu wangu wote: la Halima, la Momade, la Assane, la Zuhura. Hata kidole cha marehemu mume wangu Bakari, kilichokatwa na panga, kilioshwa kikazikwa. Kwetu kilichotoka mwilini hakitembezwi mikononi mwa watu.

Jumatano Mwanaisha na wajukuu walipokwenda shamba nikakifunga kwenye pamba nyeupe, nikakizika pembeni ya Bakari. Nikasoma Fatiha. Boksi nikalirudisha mahali pake, tupu. Nililala vizuri siku ile!

Alhamisi Abudu akaja, akainua boksi. Jepesi.

"Mama mkubwa, kimekwenda wapi?"

Nyumba ikapinduliwa. Abudu akamgeukia Mwanaisha: "Umekifagia na takataka, wewe!"

"Mimi? Nifagie nyama ya mume wangu?" Akalia mpaka akakaa chini.

Mimi nikachambua mchele.

Hapo Abudu, kwa hasira, ndipo akasema kwa lugha ninayoielewa. Kwamba saratani za ini hazifanani, kila moja ina kufuli lake. Kwamba kwenye kile kinyama wangesoma kufuli la Saidi, wajue kama ipo dawa ya kulifungua. Bila kusoma wanapapasa tu gizani.

Nilisikia kila neno! Kaburi lilikuwa la siku moja, udongo mkavu. Ningesema tu, "Kipo, twendeni." Aibu ikanishinda. Nikaendelea na mchele, na Mwanaisha anaitwa mzembe mbele yangu.

Ijumaa mvua ikanyesha.

Nilinyamaza siku kumi na moja. Niliposema, Abudu akaenda kufukua. Pamba imeliwa na mchwa, nta imevunjika, udongo umeingia mpaka ndani. Daktari akasema hakifai tena. Kumchoma upya hathubutu: tumbo limejaa maji, damu haigandi upesi. Wanampa dawa ya kubahatisha, na wala haimkai mwilini. Daktari anasema hata kingesomwa, huenda dawa yake isingepatikana. Lakini tungejua! Sasa hatujui, na hatutajua!

Nilipomweleza Saidi alicheka, naye amebaki mifupa mitupu.

"Mama, umenizika nusu. Nusu nyingine subiri kidogo."

Na Mwanaisha? Bado ananipakulia chakula, ananiita mama. Heri angenitukana!

Nyinyi vijana wenye wagonjwa, msiwafanye wazee mitungi. Tuambieni kitu ni cha nini, kwa lugha yetu, hata kama mna haraka. Na nyinyi bibi wenzangu, mkipewa msichokijua, ulizeni, hata wakiwacheka. Mkishakosea, semeni papo hapo, kabla mtu mwingine hajalia kwa ajili yenu.

Mimi nilikuwa na siku nzima kabla ya mvua. Siku nzima! Nikachambua mchele.